Difu ya kamunye kwenye mashine ya zege: pipa linakimbia mara mbili ya hesabu yangu

Bloku za Oli (Arua)

Salaam wakuu. Swali hili ni la mafundi wa gia. Wa hapa kwetu nimewamaliza wote, na kila mmoja ameniachia jibu lake na bili yake.

Nafyatua bloku na vifuniko vya mashimo hapa Oli, Arua. Siku zote tumechanganya kwa koleo, vijana wawili na mimi wa tatu, mpaka mgongo ukaanza kunidai. Nikatafuta difu ya kamunye (zile gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), ile Hiace ya zamani, nikaipata kwa mtu wa skrepa ikiwa nzima na habu zake zote mbili. Meno nimeyahesabu mwenyewe: krauni, ile gia kubwa, 41; pinioni, ile ndogo inayoisukuma, 10.

Nilivyoijenga ni hivi. Mota ya farasi 3, kibao kimeandikwa mizunguko 1440 kwa dakika. Puli ya mota inchi 3 inavuta puli ya inchi 12 kwenye shafti ya kati. Shafti hiyo ina puli nyingine ya inchi 4, nayo inavuta ya inchi 12 niliyoifunga kwenye flanji ya pinioni. Kwa hiyo 1440 inakuwa 360, 360 inakuwa 120, gawa kwa 4.1 unapata 29 kwa dakika. Hesabu niliiandika kwa mkaa kwenye mlango wa stoo. Binti yangu wa senior 3 akaipitia, akasema, "Baba, uko sawa." Sasa kila mgeni anayekuja anaisoma na kutikisa kichwa.

Pipa ni la oili, lita 200, upana wa ndani sentimita 57. Nimelichomelea kwenye habu ya kulia, mdomo umeinuka kidogo. Upande wa kushoto nilikata bomba la ekseli karibu na tumbo la difu, kisha hafu shafti yake, ile inayopeleka nguvu kwenye gurudumu, nikaichomelea humo humo isisogee. Sikuliota jambo hilo usingizini. Kabla ya kuifunga niliwasha mota nijaribu: ile shafti tupu ilizunguka kama feni, na pipa likakaa kimya kama mkwe ugenini. Nilipoifunga, pipa likaanza kuzunguka.

Tena likazunguka kweli kweli! Nimepiga mstari wa chaki ubavuni, nikashika saa ya simu: mizunguko 58 kwa dakika. Nimehesabu mara nne, 58, 58, 59, 58. Nilitia ndoo mbili za kokoto nione zinavyocheza. Zinapanda na pipa, zinapita juu, zinashuka upande wa pili bila kudondoka. Ukichungulia mdomoni unaona shimo tupu katikati, kama unachungulia ndani ya tairi. Nikitia zege lenyewe linaganda ukutani pande zote, na beliti ya mota inalia na kunuka raba.

La mwisho, upande wa pipa pananguruma tangu siku niliyolichomelea. Difu ilipokuja ilikuwa inazunguka kimya.

Fundi wa kwanza aliniambia puli zimepimwa vibaya, nikanunua nyingine. Wa pili akasema difu imekufa. Nisaidieni kabla sijarudi kwenye koleo.

---

Waya Mwekundu (Jinja)

Mzee, usikiamini kibao cha mota. Vibao vinahama. Mota iliyopita kwenye mikono mitatu huwa imevaa shati la mwenzake. Yako nadhani ni ya nguzo 2 za sumaku, na kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde mota ya namna hiyo inakimbia karibu 2880, si 1440. Mara mbili kamili. Ndiyo 58 yako hiyo.

Jaribu hivi bila kununua kitu: usihesabu pipa, hesabu pinioni. Kama mota ni ya 1440 utapata 120, mbili kwa sekunde. Ikizidi hapo, rudi kwa aliyekuuzia.

---

Bloku za Oli (Arua)

Asante ndugu. Nimefanya sasa hivi. Nimebandika karatasi nyeupe kwenye puli ya pinioni, kijana akapiga video ya polepole kwa simu yake, tukahesabu tukiwa tumekaa chini na chai. 119 mara ya kwanza, 120 mara ya pili. Mota haina kosa, nimeitukana bure.

Kwa hiyo pinioni ni 120 na pipa ni 58. Meno ni 41 kwa 10, nayahesabu tena naona ni yale yale. Inaingia 120, inatoka 58. Huo mwendo unaongezeka wapi, wakati mle ndani hamna kitu ila gia na oili?

---

Difu Kuukuu (Katwe)

Hapo sasa umeuliza vizuri. Mwendo unaongezeka kwenye spaida, zile gia ndogo za katikati ya difu, na aliyeuongeza ni wewe ulipochomelea ile shafti ya kushoto.

Nikueleze bila kitabu. Umewahi kusogeza mashine nzito juu ya magogo? Unaweka ubao juu ya gogo la duara, unasukuma. Tazama vizuri siku nyingine: gogo likisogea futi moja, ubao umesogea futi mbili. Gogo linatembea juu ya ardhi, na wakati huo huo linaubeba ubao mbele kwa kujizungusha. Difu yako ni hivyo hivyo. Ardhi ni shafti ya kushoto uliyoifunga. Gogo ni spaida, inayobebwa na krauni. Ubao ni shafti ya kulia, yenye pipa. Krauni inazunguka 29 kama mlango wa stoo unavyosema. Spaida inazungushwa nayo, na kwa kuwa upande mmoja umekataa kusogea, upande wa pili unapewa zote: 29 mara 2. Hiyo ni 58, na ukiongeza kidogo ni 59 uliyoiona mara moja.

Kama huamini, piga jeki gurudumu moja la nyuma la kamunye yoyote, tia gia, mwambie dereva aendeshe taratibu. Gurudumu lililo hewani linakimbia mara mbili ya mwendo wa kwenye dashibodi. Gari lisiwe na mtu mbele yake.

Kwa hiyo hesabu yako ya mkaa ni sahihi, mwambie binti aendelee kusoma. Iliishia kwenye krauni tu, haikufika kwenye pipa.

Na kuna hasara ya pili isiyoonekana. Nguvu ya krauni inagawanywa nusu kwa nusu, kushoto na kulia. Nusu ya kushoto inakwenda kuminya bomba ulilolichomelea. Pipa linapata nusu ya nguvu na mara mbili ya mwendo. Ndiyo maana beliti inalia.

Kwa nini kokoto hazidondoki: kila pipa lina mwendo ambao ukiupita, kilicho ndani kinabanwa ukutani kisishuke tena. Watu wa vinu vya kusaga mawe wanautafuta hivi: chukua 42.3, gawa kwa kipeuo cha pili cha upana kwa mita. Pipa lako ni 0.57, kipeuo chake ni 0.755, jibu ni 56. Wewe uko 58! Na limeinama, basi hata chini ya 56 lingeanza kukung'ang'ania. Zege linataka karibu nusu ya hapo, lipande mpaka saa nne au saa tano ya pipa, kisha lianguke lenyewe. Ile 29 uliyoipanga mwanzo ilikuwa nzuri sana.

Dawa: funga spaida, fungua shafti. Nasema yote mawili, usifanye moja. Ukichomelea spaida na kuiacha shafti ya kushoto imefungwa, hakuna kitakachozunguka, na mota itaungua au beliti itakatika, yoyote itakayochoka kwanza.

Kata ile shafti ya kushoto, itoe kabisa. Ya kulia ivute na pipa lake, ni zile nati 4 nyuma ya sahani ya breki. Hapo tumbo la difu linatoka kwa mbele. Osha spaida na petroli mpaka zing'ae, zikaushe kabisa, petroli yote iwe mbali kabla hujawasha welda. Gia hizo ni chuma kigumu, usizichomelee kwa vijiti vya 6013 vya kutengenezea madirisha, vitapasuka. Tafuta 7018, vikavu. Pasha moto kwanza, choma spaida na gia za pembeni zishikane, acha ipoe yenyewe, usimwagie maji. Funika krauni na beringi kwa kitambaa kilicholowa, kisha toa kila chembe ya slagi, lile ganda la kuchomelea. Chembe moja kwenye meno ya pinioni ni kama changarawe kwenye wali.

Na klampu ya ethi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye welda, ibane kwenye kile kile unachokichomelea. Sasa nami nina swali: siku unachomelea pipa kwenye habu, ethi ulikuwa umeibana wapi?

---

Bloku za Oli (Arua)

Ethi nilibana kwenye mguu wa fremu. Kwa nini?

---

Difu Kuukuu (Katwe)

Basi ngurumo yako nimeiona kutoka huku Katwe. Umeme wa welda ulitoka kwenye pipa ukaenda kwenye fremu, na njia fupi ya kupita ilikuwa ndani ya beringi. Kila golori iligusana na njia yake kwa nukta ndogo, hapo pakapigwa cheche. Beringi hiyo imeugua ndui. Usihangaike kuitia grisi, haitapona.

---

Afande Mstaafu (Bombo)

Nimesoma maelezo ya mzee wa Katwe, heshima yake iko pale pale, lakini si kila mtu ana welda wa kuaminika. Mimi nina mashine ya aina hii nyumbani, difu ya Hilux, upande mmoja umefungwa vile vile, spaida sijaigusa. Inafanya kazi mwaka wa sita. Nilichofanya ni kupunguza mwendo kwa nje: nilipata puli kubwa ya inchi 24 kutoka kwenye kinu cha mahindi kilichokufa, nikaifunga kwenye pinioni. Kwako 120 itakuwa 60, krauni itakuwa chini ya 15, pipa 29. Kazi imekwisha bila kufungua difu.

Jambo jingine ambalo hamjalitaja. Pinioni ina upande wake wa kwenda mbele. Simama uitazame flanji uso kwa uso: inatakiwa izunguke kama mishale ya saa, kama gari linavyokwenda mbele. Ukiizungusha kinyume, unafanya kazi kwa upande wa meno uliotengenezwa kwa ajili ya rivasi. Inalia, inapata moto, inakwisha. Nimeona lori lililorudi kinyumenyume kilomita chache tu likiwa na mzigo, sitasema wapi, na dereva alijuta.

---

Difu Kuukuu (Katwe)

Afande, sikatai, na hilo la upande wa meno umenikumbusha. Ila spaida hazina beringi. Zinateleza juu ya pini, chuma kwa chuma na oili kidogo, kwa sababu kazi yake ni ya dakika chache gari linapokata kona. Kwako zinakata kona tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka sita. Siku ukifungua, pima pini na uniambie imebaki nene kiasi gani.

---

Afande Mstaafu (Bombo)

Haifunguliwi maana haijaharibika.

---

Mama Zege (Busia)

Mnazungumza gia, mimi nitazungumza mzigo, maana sijaona mtu amemuuliza anatia nini humo.

Kaka wa Arua, pipa la lita 200 si mashine ya mfuko mzima. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35 za simenti. Ukichanganya moja kwa mbili kwa nne (simenti, mchanga, kokoto), hapo una lita 245 kabla ya maji, na pipa limeinama, nusu yake ni hewa. Nusu mfuko pia itakumwagikia miguuni. Tia robo mfuko. Hiyo ni karibu kilo 100 pamoja na maji, na zote zinaning'inia kwenye beringi moja ya gurudumu. Wasichana wangu wanapima kwa kata ile ile kila mara, hakuna kukisia kwa koleo.

Tena anza na maji kidogo na kokoto, zikwaruze ukuta, halafu simenti, mchanga mwisho. Ukitanguliza simenti kwenye pipa kavu inajibandika chini, utaigonga kwa nyundo jioni.

Umesema unafyatua bloku. Zege la vifuniko lina maji, pipa litakufaa. La bloku ni kavu, unalifinya linashikana mkononi bila kutoa maji. Hilo kwenye pipa linajiviringa kama madonge ya ugali, hata mwendo ukiwa sawa. La namna hiyo linataka sufuria pana iliyolala na mapanga yanayozunguka ndani. Nimelipia somo hilo bloku 300 zilizovunjika kwenye lori, na mteja hakunilipa hata nauli.

---

Bloku za Oli (Arua)

Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na msiba jirani na hakuna aliyewasha mashine.

Nilimfuata mzee wa Katwe. Si kwamba namdharau afande, ila puli ya inchi 24 sikuipata Arua nzima, na ya kuchonga waliniambia bei nikacheka. 7018 zilipatikana kwa jamaa anayetengeneza trela. Hakutaka kuniuzia vijiti vitatu, akataka pakiti nzima, mwishowe akaja kuchomelea mwenyewe kwa soda mbili na elfu ishirini. Ethi alibana kwenye tumbo lenyewe bila kuambiwa. Nikamuuliza kwa nini, akanitazama kama mtoto.

Upande wa kushoto, shafti ilipotoka, bomba lilibaki wazi. Kidogo tu nilisahau! Nilikuwa nimeshika galoni ya oili mkononi, kijana ndiye aliyeniuliza, "Mzee, hiyo si itatokea kule?" Tukaziba kwa bamba, na kwa kuwa upande huo ndio wa chini, lile bomba fupi lilikunywa oili yake kwanza kabla ya tumbo kupata. Nimejaza oili ya gia namba 90 mpaka ikamwagika kwenye tundu la pembeni, nikaiacha usiku kucha, nikaongeza.

Beringi tuliivuta, ikatoka kwa mwisho wa ndani wa shafti, pipa halikuguswa. Tukakata ringi ya nje kwa grainda kwa hamu ya kuona. Njia ya golori ina vidoa vya kijivu, vimepangana kwa nafasi sawa sawa, na ukipitisha ukucha unakwaruza kwenye kila kimoja. Vijana wameipitisha mkono kwa mkono mtaa mzima. Yule fundi aliyesema difu imekufa naye amepitisha ukucha, hakusema kitu.

Pinioni nayo ilikuwa inazunguka kinyume, afande. Mota ni ya waya mbili, fundi alibadilisha ncha za waya wa kuanzia. Ikabidi nikate na mapanga ya ndani ya pipa niyageuze, maana sasa yalikuwa yanalitapika zege badala ya kulivuta ndani. Hiyo ilikula siku nzima na diski nne za grainda.

Sasa chaki inasema 29. Jana jioni nimetia robo mfuko kama mama wa Busia alivyosema, mchanga wa mto Enyau, kokoto za nusu inchi. Linapanda, linafika karibu na saa nne, linajishika kidogo, halafu pwaa! Beliti haikulia hata mara moja. Vifuniko sita tumemwaga kabla ya giza.

La bloku kavu nilijaribu pia, kwa ubishi wangu. Mama, ni madonge matupu.

Aliyeniuzia difu anasema anayo nyingine, ila pinioni yake ina meno mawili yaliyovunjika. Beringi mpya inakuja na basi la usiku kutoka Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Hii ya sasa ni ya kuazima kwa mwenye kamunye, na anaidai kesho saa 12 asubuhi.